Mlango wa Stoo ya Kahawa

Ukimwamkia Bwana Shamba shikamoo, aliitikia marahaba vizuri tu. Lakini ukithubutu kuongeza "habari za leo?" ulikuwa umejitafutia. Alisimama, akainua kidole, akakueleza kwanza habari za jana, maana leo, kwa maneno yake, "haijajizaa yenyewe." Jana mvua ilinyesha kiasi gani, juzi mgomba upi ulianguka, wiki iliyopita mgongo ulimuuma upande gani. Ndipo alipofika leo, na wewe miguu imekufa ganzi. Watu wa kijijini kwetu, huku kata ya Nyakatuntu, walijifunza kumwamkia huku wakitembea.

Kazi ya ubwana shamba alikuwa ameiacha zamani kwa kustaafu, ila jina halikustaafu. Sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwa jina la ubatizo, hata mchungaji alipomtaja kwenye matangazo. Kiangazi na masika alivaa buti za mpira. Penseli ilikaa nyuma ya sikio, na kila siku aliitafuta nyumba nzima. Mkewe alikuwa akimwambia bila kuinua macho kwenye ndizi anazomenya, "Mzee, iko ulikoiacha. Kichwani."

Alihesabu. Sijui niseme nini zaidi ili umwelewe. Wengine wana ulevi, wengine wana umbea, yeye alihesabu. Mikungu iliyokatwa kwenye vibanja vya majirani, mashamba yao ya migomba, mwaka hadi mwaka, vibanja vile vile. Ng'ombe waliopita kwenye josho. Mapaa yaliyotoka kwenye nyasi kwenda kwenye mabati. Wageni waliokuja ibada ya mavuno. Alipokuwa kazini aliagizwa ahesabu baadhi ya hayo. Alipostaafu hakuna aliyemwagiza, akaongeza. Kalenda za kanisa zikiisha mwaka alizigeuza nyuma, akatia nukta, akaziunganisha kwa rula. Pale watu wengine wanapotundika picha za harusi, sebuleni kwake palikuwa na mistari, mingine inapanda, mingine inashuka.

"Mdomo una ndugu," alipenda kusema. "Mstari hauna."

Tulimwamini kwa neno hilo. Katika kijiji ambacho kila mtu ni shemeji wa mtu, mzee asiye na upande ni mali. Watu wakigombania mpaka wa kibanja, waliitwa wazee wote, lakini aliyesubiriwa ni yeye. Na kweli hakupendelea. Aliwahi kumwambia mdogo wake mwenyewe, mbele ya watu, kwamba miche yake ya kahawa ilikuwa imekufa kwa uvivu na si kwa jua.

Sasa usidhani alikuwa malaika. Alituhubiria kila siku kupitisha panga kwenye moto kabla ya kuhama mgomba mmoja kwenda mwingine, kwa sababu ya ugonjwa wa mnyauko, na aliwahi kuwakemea waombolezaji waliokuwa wakikata ndizi za msiba wakati jeneza liko uani. Lakini panga lake mwenyewe alimwazima kila aliyepita, na hakuuliza limetoka wapi linaporudi. Alichukia uvumi, ila alipenda sana kusikilizwa. Na jambo lililotuchekesha kuliko yote: mtu huyu aliyechanja ng'ombe maisha yake yote, maana bwana mifugo hatukuwa naye, alikuwa anawaogopa. Akija kwetu alisimama nje ya uzio na kumwita Baba kwa sauti ya mtu anayezama.

Sisi ni wafugaji. Babu ndiye aliyehamia huku na ng'ombe wachache, akapewa mahali pa kukaa pembeni ya mbuga, chini ya vibanja vya wakulima. Maisha yetu na yao yalishonwa kwa samadi. Kwetu samadi haiuzwi, inaombwa. Mwenye kibanja anakuja mwenyewe, hatumi mtu, anakuja na mkungu wa ndizi begani, anabisha hodi na kusema nimekuja kuomba samadi. Huombi kwenye nyumba usiyoiheshimu. Na ukiacha kuomba, hakuna haja ya kutukanana, kila mtu ameshaelewa. Nilipokuwa mdogo nililala nikisikia hodi hizo asubuhi na mapema, na ndizi hatukulima lakini hatukuzikosa.

Mimi ndiye niliyempelekea Bwana Shamba maziwa. Alipenda ya mgando, akanywa amesimama, masharubu yakabaki meupe mpaka mkewe amwambie. Siku moja, baada ya mavuno ya kahawa, aliniambia nisimame kwenye mlango wa stoo yake ya kahawa. Akanilazia kitabu cha nyimbo kichwani, akavuta alama kwa penseli, akaandika mwaka.

"Simama wima. Usidanganye kwa visigino."

Tangu hapo ikawa kila mwaka. Kwetu waliopimwa ni ndama, si watoto, kwa hiyo nilijiona mtu. Nilikuwa nikipita njiani nikihesabu vipande vya mwili wangu vilivyokuwa vimeongezeka kwenye mlango wa watu.

Halafu migomba ikaanza kudhoofika. Haikuwa ghafla. Mwaka huu mkungu ni mdogo kidogo kuliko wa mwaka jana, mwaka ujao mdogo kidogo tena, mpaka watu waliokuwa wakibeba mkungu mmoja mabegani wakawa wanabeba miwili mkono mmoja. Wengine walisema ardhi imechoka, wengine mvua, wengine dhambi. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano, na watu wote wakamgeukia Bwana Shamba.

Alikuja na kalenda mbili. Akazibandika ukutani mwa ofisi ya kijiji, nje, tuone sote. Mmoja ulikuwa mstari wa mikungu, unashuka tangu mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho. Wa pili ulikuwa mstari wa ng'ombe wetu, aliokuwa akiwahesabu joshoni, unapanda tangu mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho. Hakupaza sauti wala hakumtukana mtu. Alisema tu kwamba katika miaka yake yote ya kuhesabu hajawahi kuona mistari miwili inayofuatana hivyo, na kwamba huenda maradhi yanapanda vibanjani na kwato, na huenda yanaingia na samadi.

Hayo "huenda" mawili hayakufika nje ya uwanja. Kabla jua halijazama iliamuliwa kwamba ng'ombe wetu wasipite tena njia ya vibanjani kwenda majini, wazunguke kilima. Samadi hakuna aliyeikataza. Watu waliacha tu kuja.

Nilikuwa darasa la sita. Nakumbuka nilivyoona haya, na kwamba haya hiyo haikuja yote siku ile. Ilikuja kidogo kidogo, kila siku ikipanda juu ya ile ya jana. Shuleni watoto walibana pua nikipita. Kanisani Baba, aliyekuwa mzee wa kanisa na kukaa mbele, alihamia benchi la nyuma karibu na mlango, na hakuna aliyemwambia ahame, na hakuna aliyemwambia arudi. Na kando ya zizi samadi isiyoombwa ikajilimbika. Mwaka baada ya mwaka ikawa kilima, kinaonekana kutoka barabarani, na kila aliyepita alikiona na kujua ni kilima cha nini.

Ningekuwa na mahali pa kuweka hasira ingenisaidia. Lakini Baba hakunipa. "Bwana Shamba hana chuki na sisi," alisema. "Kama mstari umesema, umesema. Ila ng'ombe utawaambiaje wasizae?" Akawa mtu wa kuomba radhi. Kiangazi kikizidi alipeleka maziwa kwa majirani bila kuombwa, akayaacha mlangoni na kuondoka haraka, kama mwizi anayerudisha mali.

Mama naye alinituma kwa Bwana Shamba vile vile. "Maziwa hayana ugomvi," alisema. Nikaenda. Na yule mzee, aliyetumaliza mbele ya kijiji kizima, akafurahi kuniona kama kawaida, akanywa amesimama, akanipeleka kwenye mlango wa stoo. Niliangalia chini. Akanigusa kidevu.

"Kichwa juu, mwana wange, la sivyo utaniharibia kipimo."

Nikainua kichwa. Alama ya mwaka ule ipo mpaka leo. Aliendelea kunipima mpaka nilipoacha kurefuka, na sikuwahi kumwelewa. Labda kwake mambo hayo mawili yalikaa kwenye kuta tofauti.

Nilijifunza ushonaji nikafungua duka la cherehani mjini Rubwera, karibu na stendi. Wateja wangu ni watumishi wa wilaya na wake zao, watu wa maswali. Wakiniuliza kwetu ni wapi, nilikuwa nawatajia Rugera, kule Karagwe, kwa wajomba. Nilisema hivyo miaka mingi. Kila nikisema nilimwona Baba amekaa kwenye lile benchi.

Kiangazi kilichopita simu ikaita nikiwa nimeshika mkasi. Ilikuwa sauti ya Bwana Shamba, na safari hii hakuanza na habari za jana.

"Njoo," alisema. "Njoo leo. Nimekukosea na sijui pa kuanzia."

Nilichukua bodaboda. Nilimkuta uani kwake amezeeka kuliko nilivyotarajia, na mlango wa stoo ya kahawa umeng'olewa, umelazwa juu ya viti viwili kama mgonjwa. Mkewe aliniletea kahawa ya kutafuna, heshima ya mgeni, kwenye kikapu kidogo, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mzee hali vizuri siku hizi.

Kilichotokea ni hiki. Binti yao alikuwa anataka nyumba ipakwe rangi kwa ajili ya harusi, na mlango nao. Bwana Shamba hawezi kuacha namba ifutike, kwa hiyo kabla ya rangi aliziandika alama zangu kwenye kalenda, akaziunganisha. Akapata mstari unaopanda. Kwa mchezo tu akauweka mbele ya dirisha, juu ya ule wa mikungu.

"Ikakaa pamoja, mmoja ukipanda mwingine ukishuka," alisema. "Vizuri kuliko ng'ombe wa baba yako. Nikacheka, nikamwita mama huyu aje aone, nikamwambia kumbe ndizi zimemalizwa na miguu ya yule binti wa maziwa. Halafu nikaacha kucheka."

Usiku ule hakulala na kesho yake hakula. Alitoa kalenda zote ukutani. Akaweka mabati juu ya mikungu: yakakaa. Akaweka waumini. Akaweka bodaboda zinazosimama njia panda. Akaweka unene wa miwani yake mwenyewe, miwani baada ya miwani. Vyote vilimaliza ndizi. Kila kitu kilichokuwa kikiongezeka kijijini kilikuwa na hatia, na kwa ushahidi ule ule aliotumia kwa Baba.

"Nieleze kama unavyomweleza mshonaji," nilimwambia, kwa sababu nilitaka aseme polepole.

Akafikiri. "Ng'ombe wa mwaka huu ni wale wa mwaka jana na ndama kidogo. Urefu wako wa mwaka huu ni ule wa mwaka jana na kidogo. Kibanja cha mwaka huu ni kile cha mwaka jana, kimepungua kidogo. Vitu vya namna hiyo vinabeba jana yao mgongoni. Kimoja kikianza kupanda hakishuki haraka, kingine kikianza kushuka hakipandi haraka. Viwili vyovyote ukivitazama kwa mbali utadhani vimeshikana mkono, kumbe kila kimoja kinafuata jana yake. Mikono haipo, mimi nikasema ipo."

"Ulipaswa kufanya nini?"

"Kutua mzigo wa jana. Kuuliza: mwaka ambao ng'ombe waliongezeka sana, ndio mwaka ambao mikungu ilipungua sana? Mwaka ambao waliongezeka kidogo, je? Nimeuliza sasa. Hesabu hizo hazijuani. Ng'ombe wa baba yako na ndizi za watu hawajuani kabisa." Akavua miwani. "Ni hesabu ya nusu siku, mwana wange. Sikuifanya. Niliona mistari mizuri nikaipenda."

Nilitaka kumpiga. Nataka niseme hivyo wazi, kwa sababu watu wanapenda kusikia kwamba mtu alilia akasamehe. Nilitaka kumpiga, na papo hapo niliona haya kuona mzee amesimama mbele yangu na macho yamelowa, hajui mikono aiweke wapi.

Aliomba mkutano. Mlango ulipelekwa kwa bodaboda, umefungwa kwa kamba nyuma ya dereva aliyelalamika njia nzima. Mwenyekiti alipouona akasema, "Bwana Shamba, mlango umefika. Nyumba inakuja lini?" Watu wakacheka. Baba alikuwa amekaa pembeni kabisa, karibu na njia, kama alivyozoea.

Bwana Shamba aliusimamisha mlango ukutani pale pale alipobandika kalenda zile. Akaniita. Mtu mzima, mwenye duka, mwenye watoto, nikasimama mbele ya kijiji kizima na visigino kwenye mbao.

"Mnaziona alama hizi? Huyu ni binti wa mzee yule, akikua. Na hii ni mikungu yenu, ikipungua. Alipopanda yeye, ilishuka. Inapatana kuliko ng'ombe. Sasa nani hapa atasimama aseme binti huyu alimaliza ndizi zenu kwa kurefuka?"

"Kwa urefu ule, inawezekana!" mtu akadakia, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Nami nilicheka, machozi yakinitoka.

Akasubiri watulie. "Mnacheka. Siku ile niliwaletea ushahidi wa namna hii hii na hamkucheka, kwa sababu mimi sikucheka. Nilikosea. Ng'ombe wa mzee huyu hawana kosa. Samadi yake haina kosa nililowahi kuliona. Nimemvunjia heshima mtu kwa mstari, na nyinyi mlimvunjia kwa sababu mliniamini mimi."

Kisha mama mmoja mwenye kibanja cha juu akasimama. "Waitu, mzee wetu Bwana Shamba, tumekusikia. Basi aliyemaliza ndizi zetu ni nani?"

Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema neno alilojibu, na nadhani hakuna aliyewahi.

"Sijui," alisema.

Hapo ndipo alipowapoteza. Niliona nyuso zikifungika. Mtu wa kuwapa jibu baya walikuwa wamemvumilia miaka yote. Mtu asiye na jibu hawakumjua. Nyuma yangu mmoja akanong'ona kwamba mzee amenyweshwa maziwa yetu, amenunuliwa. Baba akanyanyuka, akachukua fimbo yake, akaenda zake bila kumsalimu mtu.

Nilimfuata. Nilimkuta zizini amesimama kati ya ng'ombe. Nilidhani angefurahi, au angekasirika.

"Miaka yote hii," alisema, "nimekuwa nikimwomba Mungu anisamehe ng'ombe wangu. Nimeshazoea lile benchi. Leo mtu ananiambia nisimame. Nikakae wapi?"

Nililala kwetu usiku huo.

Asubuhi, kabla ng'ombe hawajatolewa, tulisikia hodi. Bwana Shamba alikuwa amesimama na toroli, amevaa buti zake, na ndani ya toroli mkungu mmoja wa ndizi, mdogo, wa aibu, wa kibanja chake mwenyewe. Hakusimama nje ya uzio. Alipita katikati ya ng'ombe, mabega yamepanda masikioni, hatua kwa hatua, mpaka akafika alipokuwa Baba.

"Shemeji," alisema, ingawa hatujaoleana, "nimekuja kuomba samadi."

Barabarani watu waliokuwa wakienda shamba walisimama. Baba aliutazama mkungu.

"Ni mdogo."

"Ndio uliopo."

"Una uhakika samadi haina ugonjwa?"

"Sina," alisema Bwana Shamba. "Nina uhakika tu kwamba sikuwa na haki ya kusema inao."

Baba aliutoa mkungu torolini, akanipa mimi. "Chota," alisema.

Kilima kile kilikuwa kimekauka juu na kuwa kigumu kama barabara. Mzee alipiga beleshi, likaruka. Akapiga tena. Nilitaka kwenda kumsaidia, Baba akanizuia kwa fimbo. "Mwache." Akamwacha, akimtazama, mpaka tabaka la juu lilipopasuka na chini yake ikatokea samadi nyeusi, laini, iliyoiva miaka mingi bila mtu. Bwana Shamba alijaza toroli akihema. Penseli ilimdondoka, hakuiokota.

Alipoanza kusukuma gurudumu likakwama langoni. Akasukuma, likakataa. Watu wa barabarani hawakusogea. Ndipo Baba alipoweka fimbo yake kwenye uzio, akaenda, akashika mkono mmoja wa toroli. Wakalitoa. Halafu hakuachia. Wakaenda nalo hivyo, wazee wawili wasiosemezana, wakipanda ile njia ya vibanjani ambayo ng'ombe wetu walikatazwa, mbele ya macho ya wote. Mimi nilibaki langoni na ule mkungu mdogo mikononi, nikiona haya kuwatazama, na sikuacha kuwatazama.